Risala ya Wazazi wa Jamii ya Ogiek, Msitu wa Mau, kwa Serikali

Mheshimiwa Waziri, viongozi wa kaunti, wazee wetu, nanyi watoto mlioketi hapo mbele,

Mlialikwa kwa habari ya shule, nasi tunaanza na ardhi. Kwetu mambo haya hayaachani.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki zetu, baada ya Serikali hiyo kutupa siku 30, mwaka 2009, tuhame Mau. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama hiyo ikaagiza tulipwe fidia ya shilingi 157,850,000, ardhi yetu ya jadi ipimwe na kupewa hati ya pamoja, tena tushauriwe kabla ya lolote kutendeka juu yake. Wino haujakauka, Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena Sasimwani, Narok.

Nyumba ikibomolewa au kuchomwa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinapotea humo humo. Muhula ukifunguliwa, mwalimu mkuu anamwonea huruma lakini kompyuta ya usajili inadai nambari ya cheti. Mzazi anatumwa kwa chifu, chifu anamtuma kwa msajili, na nauli ya kwenda na kurudi hutoka katika mauzo ya asali. Wengine huishia hapo.

Kisha kuna lugha. Mtaala unasema mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 asome lugha ya jamii yake. Wetu hufunzwa lugha za majirani. Majirani hatuna ugomvi nao, ila Katiba, kifungu cha 56, inaahidi jamii zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu na mipango ya kukuza lugha zao. Maarifa yetu nayo hayapimwi: mtoto anayeonja asali akakuambia nyuki wametoka maua gani hapati katika mtihani swali hata moja la kumpa alama.

Kwa hiyo tunadai hati ya ardhi itolewe kama hukumu ilivyoagiza, na fidia iingie katika mfuko wa maendeleo tutakaousimamia pamoja. Watoto waliopoteza vyeti wasajiliwe hapa hapa kijijini, bila malipo. Vitabu vya Kiogiek viandikwe wazee wetu wakiwa mezani. Majopokazi ya Serikali tumeyazoea, Mheshimiwa: hupiga picha nasi, halafu ripoti huandikwa tusikoalikwa. Safari hii tunataka jopokazi liwe na wajumbe tuliowachagua wenyewe, na ratiba ya utekelezaji yenye tarehe, isomwe hapa hadharani.

Suala la walimu wa Kiogiek halihitaji hata jopokazi. Tumeambatisha orodha ya vijana wetu waliohitimu ualimu, wanaojua Kiogiek, na ambao bado wako nyumbani wakingoja ajira. Tume ya Huduma kwa Walimu inaweza kuanza nao muhula ujao.