Kuku wa jirani akifa, wako mchanje

Pita Umoja, Kayole au Dandora alfajiri, utamsikia jogoo akiwika nyuma ya ploti. Kwa familia nyingi za Eastlands, kuku kumi na watano si mapambo. Ni trei ya mayai ya kuuza kioskini, ni kitoweo cha Jumapili, ni nauli ya mtoto wa shule. Wala si jambo la kujificha: tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Lakini mali hiyo yaweza kuisha kwa wiki moja. Adui ni kideri, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mdondo. Ulitambuliwa 1926 katika kisiwa cha Java na huko Newcastle, Uingereza, na hadi leo hauna tiba. Kuku hujikunyata, huhema kwa shida, huhara kijani, na wengine hupinda shingo.

Mara nyingi twaukaribisha wenyewe. Disemba shangazi hushuka basi na jogoo wa zawadi. Baba naye hununua tembe wawili sokoni Burma au Kariokor, wanakokutana kuku wa kutoka pembe nyingi za nchi. Usiku huo huo wageni hulazwa banda moja na wenyeji. Ndugu msomaji, kuku aweza kuonekana mzima na kumbe amebeba ugonjwa. Mtenge kwa siku 14, na umlishe baada ya wenyeji. Weka viatu vya bandani pekee, na tundu la kuazima lioshe kwa sabuni kwanza.

Chanjo huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Wengi husita kwa kuwa chupa moja aghalabu ni ya kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Hapo ndipo ujirani unapofaa. Wafugaji wa ploti kadhaa wachange, wachanje siku moja, na warudie kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ibebwe katika barafu. Ikiwa ni ya kunywesha, isitiwe katika maji ya mfereji yenye klorini, kwani klorini huiharibu; maji safi ya mvua yafaa.

Limebaki jambo zito. Kuku wakianza kufa, wengine hukimbilia kuwauza waliosalia, au huitupa mizoga jalalani, mbwa na kunguru wakaitawanya. Hasara ya nyumba moja ikawa ya mtaa mzima. Usiuze. Zika mizoga shimo refu au ichome, mwite daktari wa mifugo, na umwambie jirani siku hiyo hiyo, hata ukiona haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mjini, kifo hicho hupitia na banda la jirani.