KUPARAMIA MWAMBA, KUPARAMIA MAMBO



Ngazi tunaipanda. Mlima tunaukwea. Lakini mpeleke kijana wa mjini kwa mwembe, aukumbatie, magoti yachubuke, shati limpande mgongoni: huyo anauparamia. Ni kupanda kusiko na madaha, mwili mzima ukihangaika.

Neno hilohilo lina upande mwingine. Mtu akiingilia jambo bila kulipima, tunasema ameliparamia. Ameparamia mkopo. Ameparamia ndoa. Ameparamia huduma: ameokoka Januari, kufika Machi ana bango lake la "Nabii".

Sasa fungua 1 Samweli 14. Wafilisti wako juu. Sauli amekaa chini ya mkomamanga na watu kama 600. Yonathani na mchukua silaha wake wako kwenye njia iliyo kati ya majabali mawili, Bosesi na Sene. Aya ya 13 inasema mwana wa mfalme alipanda kwa mikono na kwa miguu. Hebu mwone! Upanga utaushikaje na mikono yote miwili imeng'ang'ania jiwe? Huko ndiko kuparamia.

Lakini rudi aya ya 8 hadi ya 10. Kabla hajaugusa huo mwamba alikuwa ameshaweka ishara mbele za Mungu: adui wakisema tungoje, hatupandi, wakituita, tunapanda. Mwamba aliuparamia. Vita hakuviparamia.

Sisi tumegeuza. Mambo mazito tunayaparamia, halafu palipo na mwamba wa kupandwa kwa magoti tunaona aibu. Ndugu yangu, nyumba yako inateketea, na hutaki kuonekana ukiingia kwa mchungaji. Dada, karo imekushinda, lakini Jumapili unaniambia "niko sawa, Pastor" kwa sababu umependeza. Kwa maoni yangu, heshima ya namna hiyo ndiyo iliyomkalisha Sauli chini ya mti. Zakayo wa Luka 19 (simsemi huyo mnayemfikiria) alikuwa tajiri na mkubwa wa watoza ushuru, na bado aliupanda mkuyu mbele ya umati.

Jumatano jioni kwenye maombi tutaendelea na sura hiyo kuanzia aya ya 16. Njoo na Biblia yako. Na kama kuna mwamba mbele yako, usiandike hapa chini. Nitumie ujumbe wa faragha, tutafute siku tuketi.