Baraza Halina Hati

Ramadhani iliyopita nilikwenda kufuturu kwetu, Kizimkazi Mkunguni. Baada ya tarawehe nikakaa uani nikisikiliza. Zamani saa kama hizo ungesikia vikombe vya gahawa vikigongwa upande wa pwani, dhumna zikipigwa mezani, na mzee mmoja akicheka kwa sauti kuliko wote. Safari hii nilisikia jenereta tu. Nikamuuliza mama, "Wazee wako wapi?" Akanijibu, "Kila mtu kwake."

Banda la gahawa limekuwa nyumba ya mtu. Lilikuwa na kuta fupi za mawe, paa la makuti, na mabaraza mawili yaliyoelekea bahari, karibu na pale zinapoegeshwa boti za kupeleka wageni kuangalia pomboo. Sasa pana ukuta mrefu kuliko mimi, geti la chuma, na mabaraza yamo ndani. Mwenye nyumba huja mara mbili kwa mwaka, na muda wote uliobaki anayekaa pale ni mlinzi.

Nitasema mapema ili nisieleweke vibaya: simlaumu aliyenunua, wala simlaumu aliyeuza. Aliyeuza alirithi banda kutoka kwa baba yake, ana watoto wa kusomesha, na gahawa haijawahi kumtajirisha mtu. Ninaogombana nao ni wale wanaonyamazisha mazungumzo kwa sentensi moja: "Si kauza chake?"

Hebu tuulize basi, chake kipi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ni mali ya Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia tu. Kijijini tunajua kwamba kinachouzwa kwa kawaida ni kilichosimama juu ya ardhi: minazi, miembe, nyumba. Kwa hiyo aliuza kuta na paa, na hizo kweli zilikuwa zake. Lakini ile desturi ya miaka kwamba mvuvi akitoka baharini anakaa pale bila kuomba ruhusa, aliijenga nani? Nilimfuata mzee aliyekuwa akimimina gahawa pale, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mie nilikuwa na dele na vikombe. Ningesema kama nani?"

Hapo ndipo penye tatizo. Mwenye kuta ana karatasi, na waliokaa hapo miaka yote hawana hata moja, kwa hiyo siku ya mauziano hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwauliza.

Mwendo mdogo kutoka hapo, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Wageni wanapelekwa kuuona, vitabu vinautaja, na hakuna mwenye akili atakayethubutu kuuzungushia ukuta awe anaishi humo. Mjini nako kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, na tangu 2000 mji wenyewe ni Urithi wa Dunia. Jengo la Mambo Msiige lilipoingizwa katika mradi wa hoteli, angalau palikuwa na kelele, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake. Hoteli ilijengwa, sawa, lakini watu walibishana kwanza. Banda letu halikupata hata mabishano. Halikuwa na umri wa kuitwa kale wala uzuri wa kupigwa picha. Lilikuwa linatumika tu, na tunachokitumia kila siku hatukioni mpaka kitoke.

Wenzetu wa England wana ugomvi huu huu, ila wao wanagombania baa. Baa ya kijijini kwao ndiyo baraza lao: hapo watu wanapeana habari za msiba, wanatafutiana kazi, wanasengenyana. Mara nyingi baa ikiuzwa kama nyumba ya kuishi inaleta pesa zaidi kuliko ikiuzwa kama baa, kwa hiyo wengi wanazigeuza. Sheria yao ya 2011 inawaruhusu wanakijiji kuomba mahala kama hapo paandikishwe kuwa ni mali yenye thamani kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuuza, wanaweza kupewa hadi miezi 6 wajaribu kuchanga fedha za kununua. Halazimishwi kuwauzia, lakini lazima asubiri. Na kugeuza baa kuwa nyumba kunahitaji kibali cha mipango. Sisemi tufungue baa Kizimkazi, wazee watanifukuza kijijini. Nasema waliona kwamba mahala panaweza kuwa pa mtu mmoja na pa watu wote kwa wakati mmoja, wakakitafutia kitu hicho jina katika sheria.

Najua kuna dada atakayeniuliza: wewe unalia nini, baraza lile si la wanaume? Ni kweli. Mimi sikuwahi kukaa pale hata siku moja. Nilikuwa nikitumwa kumwita babu, nikasimama pembeni nikijifanya namsubiri amalize kete zake za bao, huku masikio yote yako kwenye hadithi. Habari ya kwanza niliyowahi kuipeleka mbio nyumbani niliiokota pale, na leo kupeleka habari ndiyo kazi yangu. Lakini tusidhani ukuta unachagua. Ulipojengwa, njia ya wanawake ya kwenda kutafuta pweza maji yakitoka nayo ilizibwa. Sasa wanazunguka. Walionyimwa baraza na waliokuwa wakilikalia wote wamekuta geti moja.

Na sisi watu wa vitabu, je? Tuzo ya Nobel ya 2021 ilipokwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, tulijaza kurasa. Nami niliandika, tena kwa madaha, kuhusu harufu ya gahawa na hekima ya barazani. Riwaya yake ya By the Sea imezunguka ugomvi wa nyumba na karatasi zake. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976, inamweka mwanamke kwenye shamba alilolipalilia kwa mikono yake bila hati ya kulitetea. Tumezisoma, tumezichambua kwenye semina, tumepewa alama. Halafu baraza linauzwa kwetu, nasi tunaandika shairi la kulikumbuka. Ubaya wa shairi la aina hiyo ni kwamba linamwambia msomaji mambo yameshakwisha, wakati banda la kijiji cha pili bado lipo na mnunuzi ndiyo kwanza anaulizia bei.

Ninachotaka ni kidogo. Kila shehia iwe na daftari la mahala pa watu wote: mabaraza ya gahawa, madiko, visima, miti inayokaliwa, njia za pwani. Likitajwa la kuuzwa, kijiji kiambiwe kwanza, kipewe miezi ya kuchanga au angalau ya kusema. Njia ya pwani ibaki njia, hata nyumba ikibadilisha mwenyewe.

Wakati tunaisubiri Serikali, daftari langu nimeshalianza. Kwa Mkunguni nimeandika visima viwili, diko moja, mti mmoja unaokaliwa na mafundi boti, na njia tatu za pwani ambazo bado zinapitika. Wewe wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Lamu, andika la kwenu: pako wapi, nani anakaa, nani anamimina, na kuta ni za nani. Andika kabla mwenye kuta hajapata mteja.