Mvua ya Masisi na picha za harusi

Harusi ya Kingi, ya Masisi au ya Walikale, mashariki mwa Kongo, hupangwa watu wakiangalia anga. Katika milima ya Masisi mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba, ikapumzika kidogo Januari, ikarudi kati ya Februari na Mei. Kiangazi kirefu, cha Juni hadi Agosti, ndicho familia nyingi hukigombania kwa ndoa. Lakini si kila familia hukipata. Ng'ombe wa dote, yaani mahari, wanaweza kukamilika Oktoba, padri au mchungaji ana ratiba yake, na ndugu anayefanya kazi Goma huja siku aliyopewa ruhusa. Walikale, iliyo chini ndani ya msitu mkubwa, haina hata kiangazi cha kutegemea, maana huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mpiga picha wa eneo hili asiyeweza kufanya kazi kwenye mvua bado hajaijua kazi yake.

Kwanza ni saa. Milimani asubuhi huwa na ukungu, kisha kunafunguka. Mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, jua likishapasha moto miteremko. Ratiba za harusi nazo hucheleweshwa: ibada ya saa nne huanza saa sita, na picha za maharusi na wazazi huachwa hadi watu wametoka kanisani, saa ileile mvua inaposhuka. Picha hizo zipigwe asubuhi nyumbani, kabla ya msafara kuondoka. Pale ambapo familia haitaki bwana harusi amwone bibi harusi kabla ya kanisa, kila upande upigwe kwake. Hili lizungumzwe na wazee wa pande zote mbili wiki nzima kabla, kwa sababu siku ya harusi hakuna atakayemsikiliza mpiga picha.

Wingu lenyewe halina ubaya. Jua la adhuhuri kwenye kilima cha mita 2,000 huugawa uso mara mbili, paji liking'aa na macho yakizama kwenye giza. Wingu husambaza mwanga ukaja kutoka pande zote, ngozi nyeusi ikaonekana na rangi zake zote, shela ikabaki na nyuzi na mikunjo yake. Kinachosumbua ni kipimo cha kamera, ambacho hudhani kila kinachokiona ni cha kijivu kwa wastani. Kikikutana na gauni jeupe na ukungu mweupe nyuma yake, hupunguza mwanga, na gauni hutoka la kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja hivi, kisha kukagua picha kwenye kioo kabla ya kuendelea.

Anayetaka mvua yenyewe ionekane anahitaji mambo mawili: giza nyuma, kama mgomba au mlango wa kanisa, na mwanga unaopita kwenye matone kutoka nyuma au pembeni, hata kama ni taa ya pikipiki. Fleshi ikipigwa kutoka mbele, matone ya karibu hugeuka madoa meupe juu ya nyuso za watu. Shata ikiwekwa 1/500 tone husimama hewani; ikiwekwa 1/60 hurefuka likawa uzi.

Kazi ngumu zaidi iko chini ya bashe. Wageni wengi wa harusi hukaa chini ya bashe za plastiki zilizofungwa kwenye miti, na nyingi ni za buluu. Mwanga ukipita humo, kila uso unatoka wa buluu, bibi harusi anaonekana mgonjwa, na wali mweupe nao unakuwa wa buluu. Kurekebisha rangi kwenye kompyuta husaidia kidogo tu, kwa sababu aliyekaa katikati amepata buluu nyingi kuliko aliyekaa pembeni. Ni heri maharusi wawekwe karibu na ukingo, ambako mwanga mweupe wa nje unawafikia. Lakini ukingo huohuo ndipo maji yanapomwagika. Mvua ikizidi, bashe hujaa tumbo, kijana mmoja huchukua fimbo na kulisukuma kutoka chini, na maji ya ndoo nzima huanguka upande ulioinama. Mpiga picha mzoefu hutazama mapema bashe imeinamia wapi, akawaketisha maharusi upande mwingine. Mwavuli nao ni hivyohivyo: mwekundu humpaka bibi harusi wekundu, mweupe au wa plastiki angavu humwacha na rangi yake. Jani la mgomba, ambalo watoto wa Masisi hujifunika nalo njiani, huleta ukijani kidogo, lakini picha yake ina uzuri ambao mwavuli wa dukani hauna.

Ndani ya kanisa la mabati mvua kubwa humeza sauti zote. Mchungaji husimamisha maneno, kwaya ikaendelea kuimba, na akirudi kwenye viapo, benchi la tatu halisikii kitu. Mpiga picha aliyezoea kungoja neno "ndiyo" kwa masikio ataikosa pete. Asimame mahali anapoona midomo na mikono. Anayepiga video aweke simu ya kurekodi karibu kabisa na maharusi. Tena, baridi ya nje na joto la watu waliolowa hufanya lenzi ipate ukungu mara tu anapoingia. Kamera ibaki ndani ya mfuko uliofungwa kwa robo saa kabla ya kutolewa.

Vifaa vinataka uangalizi hata baada ya sherehe. Upepo huleta gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hadi Sake na milima ya Masisi, na mvua ya huko inaweza kuwa na asidi inayokula mabati. Kamera iliyoloa ifutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kisha kwa kikavu. Walikale hatari ni kuvu, ambao huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye unyevu. Betri zichajiwe siku iliyotangulia, maana vijiji vingi hutegemea paneli za jua, na paneli chini ya wingu haileti kitu cha maana.

Tope nalo lipigwe picha. Gauni la kukodi kutoka Goma husafiri kwenye pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki, na bibi harusi huvuka barabara na buti za mpira, akabadilisha viatu mlangoni pa kanisa huku shangazi akimshikia pindo. Hapo ndipo ndoa ya Masisi inapoonekana jinsi ilivyo. Zipo studio zinazofuta tope na wingu, zikawabandika maharusi kwenye bustani ya ng'ambo yenye jua kali. Kazi hiyo inaharibu picha. Inaondoa kilima, mgomba na jirani aliyeshika mwavuli, vitu ambavyo mjukuu atavitafuta.

Atavitafuta zaidi kwa sababu ya vita. Kitchanga ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2023, na mapigano yalipofika Sake mwaka uliofuata, watu walikimbia na godoro na sufuria. Albamu nyingi zilibaki nyuma. Picha iliyo kwenye simu moja hupotea na simu hiyo. Maharusi wadai nakala za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki, seti moja ikae kwa wazazi wa kila upande, na nyingine itumwe kwa ndugu aliye mbali. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti ya harusi tangu kikao cha kwanza, pamoja na bashe na buti.