Mgonjwa na Asome Faili Lake



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya faili la mgonjwa. Wengi wenu mnalifahamu kwa nje tu. Mmeliona likibebwa na muuguzi, likiwekwa juu ya meza ya daktari, kisha likirudishwa kabatini. Siku hizi katika hospitali nyingi faili hilo limehamia kwenye kompyuta, lakini kwa mgonjwa hali ni ile ile: habari zake zinasomwa na wengine, yeye hazisomi. Mimi nasema wakati umefika azisome, hata kwa simu akiwa nyumbani kwake. Nitaeleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa usiku, katika wodi ya wazazi, mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Tumboni alikuwa na kovu la operesheni ya uzazi wa kwanza. Nilimwuliza, "Mama, safari ile walikukata vipi?" Akanijibu, "Sista, mimi niliambiwa tu kwamba mtoto ametoka salama." Kwenye kadi yake ya kliniki paliandikwa kwamba aliwahi kufanyiwa operesheni, basi.

Hapa sharti nieleze jambo. Kovu la nje halionyeshi jinsi mfuko wa uzazi ulivyokatwa ndani. Mara nyingi mfuko hukatwa sehemu ya chini, mkato wa kulala. Mama wa namna hiyo, akiangaliwa vizuri katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, huenda akajifungua kwa njia ya kawaida. Lakini mara chache daktari hulazimika kukata mkato wa kusimama, sehemu ya juu ya mfuko. Kovu hili ni rahisi zaidi kupasuka uchungu unapoanza. Kwa hiyo mama huyo hupangiwa operesheni mapema, kabla ya uchungu.

Yule mama alikuwa na kovu la namna hii ya pili. Tulilijua tulipomfungua, na mfuko ulikuwa umeshapasuka. Mama tulimwokoa. Mtoto tulimkosa.

Baadaye tuliyapata maelezo ya operesheni yake ya kwanza. Yalikuwa yameandikwa vizuri, yakatiwa sahihi, yakafungiwa kabatini katika hospitali nyingine. Mstari mmoja tu wa maelezo yale, kama ungekuwa mikononi mwake, ungemleta hospitali kabla ya uchungu.

Ndugu zangu, watu wa ziwa letu hawakai mahali pamoja. Mvuvi leo yuko Ukerewe, mwezi ujao amehamia kambi nyingine anafuata dagaa. Binti anaolewa Sengerema na kurudi kujifungulia kwa mama yake Magu. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na safari ya kungoja kivuko imekuwa ya dakika chache. Mgonjwa anavuka upesi, lakini faili lake linabaki ng'ambo.

Wenzangu wa kazi huniambia: "Dada, wagonjwa watapoteza, hawataelewa, tena wataogopa." Nawajibu kwa kuwaonyesha kadi ya kliniki ya mtoto. Kwa miaka mingi tumewakabidhi akina mama kadi hiyo yenye uzito na chanjo za mtoto. Wengi wao hawakusoma zaidi ya darasa la saba, na wengine hata hapo hawakufika. Hata hivyo kadi wanazileta, na wakiona mstari wa uzito umeshuka wanauliza kabla muuguzi hajasema. Anayeweza kutunza habari za mtoto wake ataweza kutunza na za kwake.

Huko Marekani waliwahi kujaribu jambo hili. Mwaka 2010 madaktari zaidi ya 100, katika sehemu tatu za nchi, waliwafungulia wagonjwa wao maandishi yote ya daktari kwa njia ya intaneti. Baadhi ya madaktari waliogopa maswali yasiyokwisha. Baada ya mwaka mmoja hakuna daktari hata mmoja aliyeomba kuacha, na karibu wagonjwa wote walitaka mpango uendelee. Wengi walisema sasa wanaelewa zaidi ugonjwa wao na dawa zao.

Nasi hapa nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa na wengine, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Habari za afya zimewekwa katika zile nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi.

Lakini sitaki mlango ufunguliwe ovyo. Naona mambo matatu ni ya lazima.

Kwanza, siri. Katika nyumba zetu simu moja hutumiwa na watu wanne, na pengine laini imeandikishwa kwa jina la mume. Nawafahamu akina mama wanaoficha kadi ya dawa za UKIMWI ndani ya debe la unga. Mama kama huyo, jibu lake likiingia katika simu ya nyumba, tumemdhuru. Kwa hiyo pawepo namba ya siri, na mgonjwa mwenyewe achague nini kifunguke na nini kibaki hospitali. Asiyetaka kabisa asilazimishwe.

Pili, lugha. Tunaandika kwa vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata muuguzi mgeni havielewi. Kumfungulia mgonjwa maandishi ya namna hiyo ni kumpa chakula ndani ya chungu kilichofungwa. Tuongeze mistari mitatu ya Kiswahili: ugonjwa, matibabu, siku ya kurudi.

Tatu, habari nzito zitangulie kusemwa kwa mdomo. Jibu la saratani lisisomwe na mtu akiwa peke yake ndani ya daladala. Aitwe, akae, aambiwe, aulize. Kisha alisome.

Wako pia wasio na simu janja, na visiwa ambako mtandao hupatikana juu ya jiwe moja tu. Hao wasisahauliwe. Simu isije ikafuta kadi na daftari; vyote vifanye kazi pamoja.

Wakati tunangoja hayo, kila familia inaweza kuanza leo. Daftari la zahanati lisitupwe likijaa, wala lisigeuzwe la hesabu za duka. Liwekwe pamoja na kadi katika kopo lenye kifuniko, na mvuvi alichukue anapohama kambi. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, uliza, na omba uandikiwe: Nilikuwa naumwa nini? Nimepewa dawa gani? Ipo dawa iliyonidhuru? Nirudi lini? Na wewe mama uliyefanyiwa operesheni, ongeza swali la tano: Mfuko wa uzazi ulikatwa vipi, na uzazi ujao nifanyeje?

Usione aibu kuuliza. Muuguzi akikunja uso, uliza tena kwa upole. Nasi wauguzi tusikunje uso. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na kwa miaka mingi mimi pia nilikuwa nikifunga faili mgonjwa aliponyosha shingo kutazama. Nilidhani namlinda. Tangu usiku ule naligeuza faili kuelekea kwake, naweka kidole kwenye mstari, namsomea.