Maumivu ya Nyonga Si Uvivu



Tunapotembelea viwanda vya nguo hapa Uganda, mashamba ya miwa ya Busoga na mashamba ya chai ya Toro, wenzetu wengi wanatuambia kuwa mbele ya nyonga, karibu na kinena, panauma, na wakiinuka hawawezi kunyooka upesi. Manyapara huita hali hiyo uvivu. Wengine husema ni uzee. Sisi tunasema ni jambo la kazi, na yafaa tulielewe kabla ya kulidai.

Mbele ya nyonga kuna misuli inayoanzia chini ya uti wa mgongo na ndani ya mfupa wa nyonga, ikateremka hadi sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuinua paja tunapopiga hatua au kupanda mlima. Huumia hasa kwa njia tatu.

Kwanza, kukaa mno. Mshonaji akikaa kwenye cherehani kutwa nzima, misuli hiyo hubaki imekunjwa na kukakamaa. Akisimama inamvuta, hata kiunoni.

Pili, kuinua paja mara nyingi kupita kiasi. Mchuma chai hupanda mteremko na kikapu mgongoni. Mkata miwa huvuka marundo ya miwa tangu alfajiri.

Tatu, kuvutika kwa ghafla, kama vile kuteleza kwenye tope ukiwa na mzigo.

Lakini si kila maumivu ya hapo ni ya misuli. Ukiwa na homa, uvimbe kinenani, ganzi mguuni, au ukishindwa kukanyaga baada ya kuanguka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tunaambiwa tujinyooshe. Ni kweli, kusimama, kupeleka mguu mmoja nyuma na kusukuma nyonga mbele polepole kwa nusu dakika husaidia. Lakini nusu dakika haiwezi kushinda kiti kibovu cha kutwa nzima. Tena, anayelipwa kwa kipande ataachaje cherehani ajinyooshe, wakati kila dakika inamkata mshahara? Mashine hutiwa mafuta na kubadilishwa spea. Nyonga ya mfanyakazi haina spea.

Kwa hiyo madai yetu ni haya: viti vinavyoweza kupandishwa na kushushwa; dakika chache za kusimama kila saa bila kupunguziwa malipo; kubadilishana kazi za kukaa na za kusimama; na mizigo isiyozidi nguvu za mtu. Haya si maombi ya huruma. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Na mwezi Juni 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Ndugu, usifiche maumivu kwa vidonge ukasubiri mguu ugome. Toa taarifa mapema, hakikisha imeandikwa kitabuni pamoja na tarehe na kazi uliyokuwa ukifanya, kisha mwarifu mwakilishi wako wa chama. Mmoja akilalamika ataitwa mvivu. Arobaini wakiandikisha, mwajiri atalazimika kukaa nasi mezani.

Umoja ni nguvu!