Nailoni darini haitaokoa mahindi ya ghalani

Wafanyabiashara wa mahindi wa Makambako, Njombe na Mbeya wanaifahamu hali hii. Mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, mabati ni mapya na hayana tundu, lakini alfajiri ya Juni au Julai magunia ya juu yanakutwa yamelowa. Fundi huitwa, hukagua misumari, hakuti kitu. Kinachofuata mara nyingi ni ushauri kwamba paa lifumuliwe na kuwekewa utando wa nailoni wa kuzuia mvuke chini ya bati. Kwa ghala la kawaida la nafaka, huo ni mtaji wa kutupa.

Maji hayo hayakutoka nje. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto upesi, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya nyuzi 14 yenye unyevu wa asilimia 85 huanza kutoa umande inapogusa kitu kilichofika nyuzi 11 na nusu. Bati likishuka hadi 10, umande umeshika. Katika ghala la mita 20 kwa 30, kila mita ya mraba ya bati ikishika gramu 100 tu, hizo ni lita 60, ndoo tatu kubwa zinazosubiri kudondoka juu ya mzigo.

Na mvuke wenyewe, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye mahindi. Tani moja iliyonunuliwa ikiwa na unyevu wa asilimia 16 hupoteza karibu kilo 29 za maji kabla ya kufikia asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu katika viwango vya Afrika Mashariki. Mwenye tani 500 za namna hiyo amefungia ghalani zaidi ya lita 14,000 ambazo zitatafuta pa kutokea. Nailoni iliyotandikwa chini ya bati, bila kihami joto katikati, hupoa pamoja na bati na hutoa umande ule ule. Mwenye ghala atakuwa amelipa ili maji yadondoke kutoka kwenye nailoni badala ya bati.

Fedha hiyo ingefaa zaidi kwingine. Kipima unyevu kilichopo mlangoni siku ya kununua kina faida kuliko utando wowote, kwani mahindi yaliyokauka hayana mvuke mwingi wa kutoa. Baada ya hapo ni matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa na kwenye mgongo wake, yenye wavu wa kuzuia ndege, ambayo hufunguliwa mchana hewa ikiwa kavu. Magunia yakae juu ya chaga za mbao na yaachiwe nafasi kutoka ukutani. Gunia lililolowa huota kuvu, na soko limekwisha kuonyesha ukali wake: Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na wenye malori ndio waliokaa mpakani wakihesabu hasara. Kwa anayeendesha ghala la stakabadhi jambo ni zito zaidi, kwa kuwa mzigo ulioharibika chini ya paa lake si wake.

Hata hivyo, kuna paa ambalo utando huo si hiari. Ni la chumba cha baridi. Wawekezaji wadogo wanaovutiwa na biashara ya samaki, pweza na kamba katika mwambao, kuanzia Tanga hadi Kilwa, wanapaswa kulijua hili kabla ya kusaini mkataba na mjenzi. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inausukuma mvuke kwa nguvu inayozidi mara 25 ile ya hewa iliyomo ndani ya chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri. Mvuke huo hupenya kila upenyo kuelekea kwenye baridi, hugeuka maji ndani ya sponji ya paa, kisha barafu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko sponji kavu ya aina nzuri, na barafu hupitisha zaidi ya maji. Mwenye chumba haoni kitu kwa macho. Anachoona ni mashine isiyopumzika na bili ya umeme inayopanda wakati samaki ni wale wale.

Sasa utando ukae upande gani? Hapa ndipo michoro ya kunakili huponza watu. Katika Uingereza nyumba hupashwa joto wakati wa baridi, mvuke hutoka ndani kwenda nje, na utando huwekwa upande wa ndani wa kihami joto. Kwenye chumba cha baridi cha mwambao safari ya mvuke ni kinyume, kwa hiyo utando hukaa nje, upande wa joto. Ukiwekwa ndani, sponji hugeuka tangi la maji lisilo na bomba la kutolea.

Maduka na ofisi zenye viyoyozi ziko karibu na kundi hilo. Hewa ile ile ya nyuzi 30 hutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au pungufu, na dari ya ofisi iliyopozwa hadi 22 imeshavuka mpaka huo. Nailoni juu ya jipsamu na chini ya kihami joto haifai. Cha kwanza ni kuziba mianya inayoingiza hewa ya nje.

Utando uliotobolewa kwa bomba au waya wa taa bila kuzibwa ni hasara pia. Anayeuziwa chumba cha baridi kilichotumika aombe kupanda juu ya dari yake mashine ikiwa inafanya kazi. Maungio yenye jasho, au ubao unaolia kizito unapogongwa mahali pamoja na chepesi pengine, ni sababu ya kutosha ya kushusha bei au kuondoka.